Nilivyomwita Elki Akaja Kweli

Tuelewane kwanza kuhusu elki, mnyama mkubwa wa porini wa Marekani, maana nikisema "swala" kama wengi wanavyofupisha, mtanicheka kabla sijafika penyewe. Swala hamtishi mtu. Elki dume wa milima ya jimbo la Idaho ana kilo 300 na zaidi, mkubwa kuliko tandala, mdogo kuliko pofu, na akishakomaa anabeba pembe za matawi sita kila upande. Mwaka mzima ni mnyama wa haya zake. Ikifika Septemba mapenzi yanampanda kichwani: hali, halali, anagaagaa kwenye tope alilolikojolea mwenyewe ili anukie vizuri kwa majike, na kuanzia alfajiri anapiga kelele kuwatangazia madume wenzake kwamba mahali hapa pana mwenyewe.

Kelele yenyewe ina hatua tatu. Inaanza chini kifuani, inapanda mpaka inakuwa mluzi mwembamba wa kukata masikio, halafu anamalizia kwa kukoroma kifupi kifupi, uh, uh, uh. Siku ya kwanza kuisikia nilidhani ni mlango wa godauni usiotiwa grisi tangu uhuru.

Shemeji yangu ni mtu wa Uvira, Kongo. Alimwoa dada yangu wakati dada ni muuguzi Kigoma na yeye anaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wakaja kuhamishiwa Boise, huko huko Idaho, na mimi na familia yangu tukafuata baadaye kwa njia zetu. Kiwanda anachofanyia kazi ni cha maziwa, na wenzake karibu wote ni wawindaji. Likizo za Septemba zinagombaniwa kuliko za Krismasi. Hao ndio waliomfundisha upinde. Msidhani ni upinde wa fimbo na kamba. Huu una magurudumu ncha zote mbili, una nyaya, una vidoti vya rangi vya kulengea, na bei yake siitaji kwa sababu dada yangu naye anasoma.

Hoja yake ilikuwa friza. Dume mmoja, ukishamchuna na kumtoa mifupa, anakuachia kilo 90 na ushei za nyama isiyo na mafuta, na bei ya nyama ya ng'ombe dukani kila mtu anaijua.

"Shemeki," akaniambia, "upinde niko nao, kibali niko nacho. Mwenye kuita njo sina."

Alinifuata mimi kwa sababu ya babu. Marehemu babu yangu alikuwa mpiga zumari Pangani. Anapuliza tangu bi harusi anatolewa mpaka wapishi wanaosha masufuria, hakati pumzi. Hewa inaingia puani, mashavu yanaihifadhi, zumari linaendelea. Mimi zumari sikurithi, ila mashavu nimerithi.

Mwenye upinde anahitaji mwitaji kwa sababu mshale unataka umsogelee mnyama mita thelathini, arobaini ukijiamini sana, na pua ya elki haikuruhusu kufika hapo kwa kumnyatia. Basi unamfanya aje yeye. Mpigaji anakaa mbele, mwitaji anajificha nyuma yake hatua hamsini hivi. Dume anasikia sauti, anaifuata, macho yote yako kwa mwitaji, anapita ubavuni mwa mpigaji bila habari. Mpango mzuri sana. Kwenye video unafanya kazi kila mara.

Kifaa cha kuitia ni kidogo, kinaenea mdomoni: kipande cha mpira mwembamba kilichotandwa kwenye fremu ya duara iliyokatwa upande mmoja. Unakibandika kwenye kaakaa, unakikandamiza kwa ulimi, unasukuma hewa. Ukikiweka mbele sana hakilii. Ukikiweka nyuma sana, chakula cha mchana kinarudi. Kati ya hapo ndipo penye elki. Kwa mlio wa dume unaongezea bomba la plastiki la kukuza sauti, refu kama mkono.

Nilijifunzia garini kwenye taa nyekundu, nikajifunzia bafuni. Mke wangu akavumilia mlio wa jike, maana huo ni mwororo, unaanza juu unashuka, una hata huruma. Mlio wa dume ndio ulioleta kikao. Mama alikuwa hewani kutoka Pangani wakati naujaribu, akakatiza salamu.

"Nani anachinjwa huko?"

"Ni baba watoto, Mama," mke wangu akamjibu. "Anajifunza kazi."

"Kazi gani hiyo? Mwambieni arudi nyumbani."

Leseni nilikata na mimi, kwa kuwa Idaho hata kumvutia mnyama kunahesabika kuwinda. Kwa hiyo nilikuwa mwindaji halali asiye na silaha, mwenye kibali cha kupiga kelele.

Tulipaki gari juu ya Idaho City, mji uliofurika watafuta dhahabu miaka ya 1860 na sasa umebaki na watu mia chache tu. Ilikuwa bado giza. Tukapanda kwa miguu kwenye msonobari, shemeji mbele, kila baada ya muda anabinya kichupa cha poda na kumulika kitochi kuona vumbi lake linaelekea wapi. Alfajiri hewa ya baridi inateremka mlimani. Jua likishapiga mteremko, hewa inapata joto, inageuka na kupanda. Mwindaji wa elki anaijua saa hiyo kuliko saa ya kuingia kazini, maana upepo ukimpelekea dume harufu yako, hiyo siku imekwisha.

Mlio wangu wa kwanza wa jike ulijibiwa papo hapo. Vijiti vikavunjika, shemeji akanyanyua upinde, wakatokea ng'ombe weusi wanne na ndama. Wafugaji wana ruhusa ya kulisha mifugo kwenye misitu ile ya serikali mpaka vuli, na ng'ombe wale walikuja kunitazama kwa heshima zote. Mmoja alikaa karibu yangu kutafuna. Shemeji alinitumia ishara ya mkono ambayo si ya uwindaji.

Tukahama. Nikaita tena, kimya. Shemeji akaanza kuwalaumu mbwa mwitu wa kijivu, waliorudishwa Idaho mwaka 1995 na 1996. Wawindaji wakongwe wa pale wanasema tangu hapo elki wamejifunza kufunga midomo. Akiwa katikati ya lawama hizo, upande wa pili wa bonde mlango wa godauni ukafunguka.

Shemeji akageuka, macho yamemtoka. Akanionyesha nijifiche nyuma ya msonobari mdogo kando ya kidimbwi cha tope, yeye akateleza mbele mpaka kwenye gogo, akapachika mshale. Nikapiga jike. Dume akajibu. Nikapiga tena, kwa madaha zaidi, akajibu kabla sijamaliza. Pale ndipo damu ya babu ilipoamka. Nikachukua bomba nikapiga dume, yaani huyo jike ana mtu. Bonde zima likanyamaza, kisha jamaa akanijibu kwa matusi ambayo hata asiyejua Kielki angeyaelewa. Nikaokota tawi nikaukwangua ule msonobari, kwa kuwa dume akikasirika huwa anapigana na mti. Nikakanyaga vijiti. Nikakoroma, uh, uh, uh. Nikapuliza bila kukata pumzi, na nasema bila kujisifu kwamba pale nilikuwa nimeshafika kiwango cha harusi.

Halafu kimya. Kimya kirefu. Namwona shemeji kule mbele kavuta upinde nusu, kaurudisha, anachungulia juu ya gogo. Mimi nikaendelea kuukwangua mti nikitazama kule anakotazama yeye.

Sasa, elki haamini masikio peke yake, anataka pua ithibitishe. Dume yule badala ya kuja moja kwa moja kama wa kwenye video, alizunguka kwa chini, akae mahali hewa inayoteremka imletee harufu ya huyo mpuuzi anayemtukana. Alifanya jambo la akili kabisa. Ila wakati anazunguka, jua likapiga mteremko. Upepo ukageuka. Akaja anapanda kutoka chini akiwa hanusi chochote, na mimi mgongo nimempa. Kama kuna wa kulaumiwa ni jua.

Kilichonifikia kwanza ni harufu. Beberu wa wiki nzima aliyefungiwa stoo, ndivyo ningeieleza kama singekuwa na ya kusema zaidi. Nikageuza kichwa polepole.

Alikuwa hatua sita. Shingo nyeusi yenye manyoya marefu, tope limekauka humo likaning'inia vipande vipande. Kwenye tawi la kwanza la pembe ya kulia alikuwa amenasa ganda la mti, bichi, bado lina utomvu, na ncha za pembe zimesuguliwa mpaka zimekuwa nyeupe. Jicho lilikuwa linanitafuta. Nilivaa nguo za rangi ya majani mpaka usoni, kwa hiyo aliona kichaka chenye bomba.

Akafungua mdomo akaniimbia. Kwa mbali nimeshasema inavyosikika. Kwa karibu haisikiki, inakutetemesha meno. Mate yakanirukia kwenye paji la uso. Nami nikavuta pumzi kwa mshtuko, na kile kidude, ambacho nilishasema hakitakiwi kukaa nyuma sana, kikaenda nyuma sana.

Nikakohoa. Tatizo ni kwamba bomba lilikuwa bado mdomoni. Kikohozi kikapita kwenye mpira, kikaingia kwenye bomba, kikatoka kule mbele kikiwa mlio ambao msitu ule haukuwa umewahi kuusikia: mluzi, mkoromo, kukabwa roho, halafu mluzi tena. Dume akasimamisha masikio. Nikakohoa wa pili, mrefu zaidi. Ningetegemea akimbie. Akasogea hatua moja. Nadhani alielewa kwamba mpinzani wake ni mgonjwa na leo ndiyo siku ya kummaliza.

"Shemeki!" nikasikia mnong'ono kutoka kule kwenye gogo. "Inama! Eko nyuma yako!"

Yuko nyuma yangu! Ahsante sana, shemeji, kwa taarifa. Yeye alikuwa ameshavuta upinde mpaka mwisho, lakini kati ya mshale na dume nilikuwepo mimi, baba wa watoto watatu.

Sikuinama. Nilirudi nyuma, na nyuma kulikuwa na kile kidimbwi. Mnakumbuka nilisema dume hugaagaa kwenye tope alilolikojolea mwenyewe? Kidimbwi kilikuwa chake. Niliingia kwa makalio, nikazama mpaka kiunoni, na kwa kishindo hicho kidude kikachomoka kooni kikaruka kikaanguka kwenye ukoga wa kijani karibu na kwato zake. Tukatazamana: yeye mwenye nyumba, mimi nimekaa bafuni kwake. Nikapiga kikohozi cha mwisho, cha kibinadamu hiki, cha mtu wa Pangani. Hapo akaelewa. Akabweka mara moja, maana elki akishtuka hubweka, akageuka, na zile pembe zote zikapenya katikati ya miti bila kugusa tawi. Sijui alifanyaje. Mimi na mwavuli siwezi kupita mlangoni.

Shemeji alikuja mbio. Nikadhani anakuja kunivuta. Alikuja kutafuta kidude, kwa sababu ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vingine vyote alivyonavyo. Alipokipata akakipangusa kwenye suruali, ndipo akanigeukia, akanitazama kwa muda, akakaa chini. Alicheka mpaka akalazimika kuvua kofia.

"Weye unaita muzuri," akasema alipopata pumzi. "Muzuri kupita kiasi."

Kushuka mpaka kwenye gari ilikuwa mwendo mrefu, yeye akitembea upande ambao upepo unatoka. Tukakuta wazungu wawili wenye pinde wamesimama kando ya gari lao, wamechoka, magoti yamejaa tope, walikuwa wametambaa. Mkubwa wao, mzee mwenye ndevu nyeupe, akatusalimu akauliza kwa sauti ya chini kama tumelisikia lile dume.

"Dume lipi?" shemeji akauliza, uso mkavu.

Lile la kikohozi, mzee akasema. Amewinda milima hii tangu kijana na hajasikia dume wa namna ile. Wamemnyatia tangu jua linachomoza, wamebakiza bonde moja tu wamfikie. Kwa sauti ile lazima ni mzee sana, mapafu yameisha, lakini pembe zake lazima ni za kutundika ukutani. Kijana aliyekuwa naye akasema yeye anafikiri ni wawili, mmoja anamnyonga mwenzake.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa natazama mishale yao, jinsi ilivyopangwa vizuri.

Kisha mzee akanusa. Akanusa tena, akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu, akatabasamu kwa wivu. Akauliza kama tumemwangusha, maana harufu ya dume imetujaa.

"Hapana," shemeji akajibu. "Tumemukosa. Lakini tulimufikia karibu sana."

Na ameelekea wapi?

Shemeji akafungua buti, akatandika turubai kwenye kiti changu, akalipiga kwa kiganja ili nikae.

"Anashuka Boise."