Sifa ya uvumilivu inawaumiza dada zetu ughaibuni

Mwanamke akijifungua Mombasa au Tanga haachwi peke yake. Kwa siku arobaini kuna mama, shangazi, somo na majirani: wa kumkanda kwa maji ya moto, wa kumpikia uji wa pilipili manga, wa kumpokea mtoto ili mzazi apate kulala. Akijifungua Leeds au Leicester, Uingereza, huenda kesho yake akawa nyumbani tayari. Mume yuko zamu ya usiku, mama mzazi yuko kwenye simu. Wiki ya tatu machozi yanamtoka, na hajui anachokililia.

Akiwaambia watu wa nyumbani, anajibiwa: mshukuru Mungu, wenzako wanatamani kuwa hapo, wewe ni jasiri, vumilia. Akienda kliniki, anakutana na dhana ya zamani kwamba mwanamke mweusi ni imara na anayamudu maumivu kuliko wengine. Naamini sifa hii, inayomjia kutoka pande zote mbili, inawafunga midomo wanawake wengi kuliko hata aibu ya ugonjwa wenyewe: sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka.

Uingereza mama aliyejifungua mara nyingi hupewa maswali kumi ya kupima sonona, yaliyotungwa Scotland na kuchapishwa mwaka 1987. Yanauliza kuhusu siku saba zilizopita: ameweza kucheka, amejilaumu bure, huzuni imemnyima usingizi? Ni maswali mazuri na yamewaokoa wengi. Lakini dada yetu akiulizwa hali yake husema "nzuri" kwanza, kwa adabu aliyolelewa nayo. Baadaye ndipo ataje kichwa kinachogonga, mgongo unaowaka, moyo unaokwenda mbio. Anatoka na paracetamol. Na hata akielewa anachoulizwa, anaogopa: nikisema ukweli, si watoto watachukuliwa? Je, karatasi zangu?

Wanaoiita hofu hiyo ushamba wanamkosea. England, watu weusi huzuiliwa hospitalini kwa sheria ya afya ya akili kwa kiwango kinachozidi mara tatu kile cha wazungu. Habari hizo zinafika hadi saluni na misikitini, nani asijihadhari?

Kisha kuna kazi. Februari 2022 Uingereza iliwafungulia viza watunza wazee kutoka nje, na Waafrika wengi wakaenda. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024, aliyeomba viza hiyo kwa mara ya kwanza hakuruhusiwa tena kuja na mume wala watoto. Mfikirie mama aliyewaacha wanawe Nakuru, anamwogesha mzee anayemwambia asimguse kwa mikono yake myeusi. Msimamizi anamwambia puuza, mzee amepoteza kumbukumbu. Anapuuza, anamaliza zamu, anatuma pesa za ada. Viza yake imefungwa kwa mwajiri huyohuyo, kwa hiyo kuacha kazi si jambo la kuamka asubuhi na kulifanya. Huyu akishindwa kuinuka kitandani, tutasema imani yake ni ndogo?

Sipingi dua wala kisomo. Vinatuliza, na kwa wengi ndiyo mara ya kwanza mtu amekaa nao akawasikiliza. Ninachokipinga ni kufanya ibada iwe sababu ya kumzuia asionane na daktari.

Vyama vyetu vya akina mama huku ni hodari wa kuchangia misiba na harusi. Vichangie na arobaini: zamu za kupika, zamu za kumshika mtoto, mtu wa kumsindikiza kliniki. Ndugu mlio nyumbani, mkipiga simu muulizeni kama amelala na kama amekula kabla ya kutaja ada. Naye ajue kwamba England anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo ya NHS, huduma ya afya ya umma, bila kupitia kwa daktari, na kwamba ana haki ya kuomba mkalimani bila malipo. Asimpe mtoto wake wa miaka kumi kazi ya kutafsiri machozi ya mama yake.