Talaka Inapogonga Mlango wa Amana

Kabla ya kugawana ni lazima kuhesabu kwanza. Magomvi mengi ya mali kati ya watu walioachana huanzia hapo kwenye hesabu, hata kama wanasheria wao wanabishana kuhusu asilimia. Chukua mume anayesimama mbele ya hakimu na kusema hana nyumba, hana shamba, hana hisa, kwa sababu vyote ni vya amana ya familia. Mkewe anaona anadanganywa waziwazi, maana ameishi ndani ya nyumba hiyo miaka kumi na mitano na rangi ya kuta zake aliichagua yeye. Kinachokera ni kwamba kwa mujibu wa karatasi, mume anasema kweli.

Amana huigawa miliki mafungu mawili. Mwanzilishi hukabidhi mali kwa wadhamini, nao huishika kwa faida ya wanufaika. Jina kwenye hati ni la mdhamini, matunda ni ya mnufaika. Anayeujua wakfu hatapata taabu kulielewa hili, kwani mantiki zake ni za ukoo mmoja. Ziko amana ambazo wadhamini wana hiari kamili ya kuamua nani apate, lini na kiasi gani. Humo mnufaika hana fungu lake. Ana tumaini tu kwamba atakumbukwa. Na mahakama haiwezi kukata tumaini vipande viwili.

Wanaotaka amana iachwe nje ya talaka wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa. Bibi aliyeweka ardhi kwa ajili ya wajukuu wake hakufunga ndoa na mtu. Kwa nini ardhi hiyo imeguke kwa sababu ndoa ya mwanawe imevunjika? Mtoto mwenye ulemavu aliyewekewa fedha za matunzo ya maisha yake yote hana kosa lolote. Wadhamini nao wana wajibu kwa wanufaika wote, wakiwemo ambao hawajazaliwa. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya Kenya ya mwaka 2013 imeufuata mkondo huo: kifungu cha 6 kinasema kwamba mali iliyo katika amana, pamoja na ile ya amana za kimila, si sehemu ya mali ya wanandoa. Nchi ambayo ardhi ya ukoo inaweza kuandikwa jina la mtu mmoja ina sababu ya kuwa na ukuta kama huo.

Tatizo ni nani anajificha nyuma ya ukuta. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliiagiza mahakama, katika kifungu cha 114, iangalie mchango wa kila mmoja katika kupata mali, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Uingereza ilichelewa. Ni mwaka 2000 ndipo majaji wake wa juu walipotamka kwamba pasiwe na upendeleo kwa aliyeleta fedha dhidi ya aliyetunza nyumba na watoto. Kenya imeuandika mchango huo ndani ya sheria yenyewe, ingawa Mahakama ya Juu ilieleza Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa kikatiba haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Yote hayo yamepiganiwa kwa miongo. Kisha mtu mmoja anakwenda kwa wakili, anahamishia mali kwenye amana kwa saini chache, na mchango uliotambuliwa kwa jasho lote hilo unabaki kudai fungu la chungu kitupu.

Mahakama za baadhi ya nchi zimechoka na mchezo huo. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Australia iliamua shauri la mume ambaye, kwa kinaya kinachotosha tamthilia, alikuwa yeye mwenyewe wakili mbobezi wa tawi la sheria lililozaa kanuni za amana. Alikuwa amejiondoa kwenye orodha ya wanufaika, baadaye mali ikagawanywa katika amana nne za mabinti zake. Haikumsaidia; mali hiyo iliingizwa kwenye hesabu. New Zealand ilikwenda mbali zaidi mwaka 2016. Mume alikuwa mdhamini pekee, mwenye uwezo wa kumwondoa mnufaika mwingine yeyote na kujipa mali yote. Mahakama ya Juu haikuhitaji kusema kwamba amana ni ghushi. Ilisema kwamba uwezo huo wenyewe ni mali, na thamani yake ni thamani ya kila kilichomo.

Mimi naiona hiyo kuwa njia sahihi, kwa sababu inauliza swali ambalo hati haiwezi kulikwepa: ufunguo uko kwa nani? Aliyetoa mali yake akabaki anaweza kuirudisha mfukoni Jumatatu asubuhi hajatoa kitu. Lakini kipimo hichohicho kinamlinda bibi wa ile ardhi. Kama mwanawe ni mnufaika mmoja kati ya wengi, na wadhamini ni watu wengine wenye kauli yao, mkwe hana analodai humo, hata awe ameishi hapo miaka ishirini. Najua jibu hilo ni chungu.

Kati ya hao wawili kuna kundi kubwa: amana ya kweli, iliyoanzishwa kwa nia njema, ambayo wanandoa waliilisha kwa mishahara yao, wakaikarabati na kuilipia mkopo. Kwa hali hiyo sheria ya New Zealand inaruhusu mahakama kuamuru fidia, ikiwemo kutoka kwenye mapato ya amana, bila kuhitaji kuthibitisha hila na bila kuugusa mtaji. Ni suluhisho la katikati, na kama suluhisho nyingi za katikati, hutegemea kama mapato yapo. Amana yenye nyumba moja isiyopangishwa haina cha kutoa.

Ajabu ni kwamba amana hiyohiyo inayolaumiwa kwa kuficha mali ya walioana ndiyo huwaokoa wasiooana. Uingereza haiutambui uhusiano wa kuishi pamoja kama ndoa, hata ukidumu miaka thelathini. Wawili wakiachana, sheria ya talaka haiwahusu. Kinachobaki ni kumwomba jaji aone kwamba mali inashikwa kwa amana isiyoandikwa, iliyotokana na nia na mwenendo wao. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu iliamua kuhusu nyumba iliyonunuliwa 1985 kwa majina ya wote wawili. Mwanamume alihama 1993, mwanamke akaendelea kuilipia peke yake. Mwanamke alipata asilimia 90, mwanamume 10. Ng'ambo ya pili, New Zealand huwapa wasiooana nusu kwa nusu, kwa kawaida baada ya kuishi pamoja miaka mitatu.

Hata hivyo, kanuni yoyote ile hukwama kwenye karatasi. Hati ya amana, barua ya matakwa ya mwanzilishi, kumbukumbu za vikao vya wadhamini: vyote huwa kwenye kabati la yule asiyetaka vionekane. Anayedai ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha, na mara nyingi ndiye asiye na fedha za kumlipa mhasibu wa kuvichambua. Kwa hiyo mabadiliko ambayo ningeyaanza kesho si ya kanuni za mgawanyo. Ningemtaka yeyote aliye mdhamini na mnufaika kwa pamoja aweke hati zote mezani siku ya kwanza ya shauri, na akishindwa, ihesabiwe kwamba ufunguo ni wake.