Alama za Hojaji Zisimnyime Kijana Kazi

Kuna waajiri hapa Mombasa ambao kabla hawajakuita kwa mahojiano hukutumia hojaji ya tabia kwa simu. Unapitia msururu wa maswali, kila moja unachagua kuanzia "nakataa kabisa" hadi "nakubali kabisa", kisha mashine inatoa alama. Zikiwa chini, jina lako halimfikii mtu yeyote. Mimi napinga jambo hili, na napinga huku nikiiheshimu elimu yenyewe.

Maana elimu ipo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Robert Woodworth aliandaa maswali ya ndiyo na la ili kuwatambua mapema wanajeshi wa Marekani ambao wangevurugwa akili na vishindo vya vita. Mwaka 1936, Gordon Allport na Henry Odbert wakachambua kamusi ya Kiingereza na kutoa karibu maneno 18,000 ya kumweleza mtu alivyo. Wataalamu waliofuata wakachuja na kuchuja mpaka zikabaki sifa tano: uchangamfu, upole kwa wengine, bidii na mpangilio, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na hamu ya mambo mapya. Ukiwapima watu elfu kumi, sifa hizo zitakufunza mengi juu ya kundi hilo.

Mtu mmoja ni habari nyingine. Kati ya hizo tano, bidii na mpangilio ndiyo inayobashiri vizuri zaidi jinsi mtu atakavyofanya kazi, na hata hivyo uhusiano wake na kazi ni kama 0.2, kwa kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda sambamba kabisa. Ukizidisha 0.2 kwa 0.2, hiyo ni asilimia 4 ya tofauti kati ya mfanyakazi na mfanyakazi. Zilizobaki 96 ziko kwingine: amefunzwa na nani, msimamizi wake ni mtu wa aina gani, mshahara unaingia lini, anatoka Likoni na feri imechelewa kiasi gani asubuhi hiyo.

Binti wa ndugu yangu aliijaza hojaji moja ya kazi ya mapokezi nikiwa kando yake. Akafika penye "Huwa nasema ninachofikiri bila kusita," akaniuliza, "Ami, hapa nijibu nilivyo nyumbani ama nilivyo na wenzangu?" Swali la haki kabisa. Mbele ya babake na wazee huyu mtoto hujibu alichoulizwa tu, akanyamaza. Akiwa na marafiki zake hakuna anayemziba mdomo. Mbele ya mteja aliyekasirika ana utaratibu wa tatu, mtulivu, ambao wengi wetu hatunao. Wote watatu ni yeye, na simu ilitaka jibu moja. Akabonyeza katikati.

Mbele kidogo: "Mimi ni mtu wa mpangilio." Nakubali. Maswali machache baadaye: "Mara nyingi nasahau kurudisha vitu mahali pake." Nakubali pia. Hakuwa anadanganya. Amelelewa kwamba anayekuuliza kwa adabu humkatalii hivi hivi, na hapa muulizaji ndiye mwenye kazi.

Haya si ya nyumbani kwetu peke yake. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walichapisha uchunguzi wa hojaji za sifa tano katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati. Kwa watu waliohojiwa ana kwa ana, maswali yaliyokusudiwa kupima sifa moja mara nyingi hayakushikana, na mazoea ya kukubali kila kinachosemwa yalikuwa sehemu ya tatizo. Kabla yao, mwaka 2013, Michael Gurven na wenzake waliwapima Watsimane 632 wa Bolivia, jamii ya wawindaji na wakulima wa msituni, wakakosa zile tano. Zilizojitokeza zilifanana zaidi na mbili, wema kwa watu na uchapakazi. Na tangu 1928 Hugh Hartshorne na Mark May walishaonyesha, kwa maelfu ya watoto wa shule Marekani, kwamba anayedanganya kwenye mtihani si lazima adanganye mchezoni.

(Ile hojaji ya herufi nne na makundi 16, iitwayo Myers-Briggs, siipi nafasi kubwa. Walioibuni, Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, hawakusomea saikolojia, na wengi wakiirudia baada ya wiki chache hupewa kundi jingine. Haifai kuajiria mtu.)

Vijana wetu wajue kwamba sheria iko upande wao. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, na haki ya kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Ukikataliwa baada ya hojaji, andika barua. Uliza ni hojaji ipi, ilijaribiwa kwa watu gani kabla ya kuletwa kwako, na ni nani kwa jina aliyeyasoma majibu yako.

Nanyi waajiri, kama hojaji lazima iwepo, ije baada ya mahojiano, iwe mwanzo wa mazungumzo na mwombaji: "Hapa umejibu hivi, hebu nieleze." Waulizeni wote maswali yale yale, mkiyatoa kwenye kazi yenyewe. Kisha mpeni zamu mbili za majaribio kaunta ikiwa imejaa wageni, na zamu hizo mumlipe.