Taco za chizi, pilipili kichaa na msiba usio na maiti

Niseme mapema ili tusije tukagombana huko mbele: pilipili alinunua dogo. Mi nilimtuma vizuri kabisa na meseji nikamwandikia, shuka Kisutu kwenye yale maduka ya viungo ya Wahindi, ulizia pilipili ya Kashmiri iliyokauka, ndefu, nyekundu sana, haiwashi kihivyo ila inatoa rangi. Robo kilo. Hela nikampa, ya nauli nikampa. Dogo akarudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti, chenji hakuna, mdomo unanukia chipsi, nafungua nakuta vipilipili vidogo vidogo vimekauka vinang'aa. Nikamuuliza hizi ndo za Kashmiri? Akanijibu bila hata kupepesa macho, "Dada, Kashmiri zipo za saizi nyingi."

Huyo dogo ni mtoto wa mama mdogo, alikuja Dar kutafuta kazi, sasa ni mwaka wa kazi kumtafuta yeye na haimpati.

Sasa mtajiuliza mwanamke mzima wa Tabata Kimanga anahangaika na pilipili za Kashmiri za nini. Ni kikoba. Sisi kwetu mwenye zamu ya kukaribisha kikao ndo analisha, na zamani ilikuwa chai na maandazi watu wanasaini hisa zao wanaondoka, ila siku hizi imekuwa mashindano, mwenyekiti katoa biriani, mweka hazina naye akajibu na pilau la nyama na sambusa na juisi ya ukwaju yenye barafu, mi nikikaa nikitazama naona zamu yangu inakuja na mfukoni hamna ubavu wa kupambana na biriani. Basi usiku mmoja niko kwenye simu nikakutana na video ya taco za birria. Mbuzi! Kumbe hawa watu wa Mexico, wa jimbo la Jalisco, birria yao asili ni nyama ya mbuzi inachemshwa taratibu na viungo mpaka inaachia mfupa, halafu huko Tijuana wakaja kunogesha, kile kichapati cha mahindi wanakichovya kwenye mafuta mekundu yanayoelea juu ya mchuzi, wanakitupa kwenye kikaango, wanamwaga chizi, wanaweka nyama, wanakunja, chizi ikiyeyuka pembeni inakauka inakuwa kigaga. Unakula unachovya kwenye supu yake. Nikaangalia viungo: mdalasini, karafuu, binzari nyembamba, vitunguu swaumu, pilipili manga. Hiyo si pilau imekosa mchele tu? Na mbuzi si ndo tuko jirani na machinjio ya Vingunguti? Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp saa hiyo hiyo, "Jumapili njooni na njaa, safari hii mnakula kimataifa." Mweka hazina akajibu na kile kikatuni cha jicho moja.

Ule mkate wa taco wenyewe ulinisumbua kidogo. Nikachukua sembe, nikakanda na maji ya moto, nikabana katikati ya sahani mbili, ukiinua tu unapasuka pasuka kama ardhi ya Dodoma mwezi wa kumi. Kumbe wenzetu mahindi wanayachemsha kwanza na chokaa, yanalala humo usiku kucha, ganda linatoka, ndo wanasaga, na hiyo chokaa ndo inafanya unga ushikane. Nikamwambia mama mwenye nyumba natafuta chokaa nipikie. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hao wageni unawalisha au unawapaka?" Nikaachana nayo, nikasukuma chapati nyembamba za ngano, na msinisumbue hapo maana kaskazini ya Mexico, Sonora na kule, wanatumia ngano kabisa, kwa hiyo niko kisheria.

Chizi nilinunua mozzarella, maana chizi yao ya Oaxaca nayo inavutwa vutwa hivyo hivyo wakati wa kutengeneza, zinayeyuka kwa namna moja. Bei sisemi. Nilivyofika kaunta nikajikuta namuuliza yule dada kama wanauza na nusu.

Jumapili ikafika. Mbuzi yuko uani juu ya mkaa tangu asubuhi, harufu imeshazunguka nyumba nzima watoto wa wapangaji wanapita pita na visingizio. Kilichobaki ni pilipili tu, na ilibaki kwa sababu umeme ulikatika toka asubuhi na blenda haiwezi kusaga kwa maombi. Umeme umerudi saa nane hivi, wageni saa kumi, nikaingia koridoni kwenye jiko langu la gesi. Hiyo nyumba yetu ina korido moja ndefu vyumba huku na huku, dirisha moja tu mwisho kabisa, na hilo dirisha mzee wa chumba cha mwanzo, mstaafu wa reli, alishalipigilia bati kwa ajili ya mbu.

Video inasema pilipili za guajillo kumi, hizo za kwao Mexico ndo nilitaka kuzifidia na Kashmiri, zikaange kavu kwenye kikaango sekunde chache zitoe harufu, halafu loweka, halafu saga. Guajillo moja ni ndefu kushinda kidole. Vya dogo vilikuwa saizi ya ukucha. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya kawaida kabisa, kumi za kidole ni kama kikombe kizima cha ukucha, na hesabu hiyo mpaka leo sijaona mtu aliyeikosoa. Ambacho sikuambiwa na yeyote, dogo akiwemo, ni kwamba guajillo kwenye kipimo cha ukali cha Scoville inacheza 2,500 mpaka 5,000, na kile alicholeta ni pilipili kichaa ambayo hiyo inavuka 50,000 bila kujikaza. Nikamwaga kikombe. Simu ikaita. Mweka hazina, anauliza hiyo kimataifa inaliwa na kijiko au mkono. Nikaanza kumwelekeza.

Cha kwanza sikuona moshi. Nilisikia kama mtu kaniziba koo kwa kidole kutokea ndani. Nikageuka, kikaango kimeshakuwa cheusi katikati na kuna kamoshi ka bluu kanapanda taratibu wala hakana fujo. Nikakohoa. Chumba cha pili wakakohoa. Cha tatu wakapiga chafya, mtoto akaanza kulia, halafu ikawa ni nyumba nzima inakohoa kwa zamu. Mi nikafanya lile jambo ambalo binadamu yeyote angefanya, nikajifuta macho, kwa mkono ule ule niliochambulia pilipili. Hapo sikuona tena, yaliyofuata mengine nasimulia kwa kusikia.

Mzee wa reli ndo aliyepiga ukelele. "Gesi! Gesi inavuja, tokeni!" Akatoka wa kwanza, kakumbatia redio yake, mkewe kamwacha ndani anatafuta kandambili. Mama mwenye nyumba akatoka na tivii, waya unaburuta. Fundi cherehani wa chumba cha nne akabeba cherehani na nguo ya mteja ikiwa bado imenasa kwenye sindano. Mtu akatoa friji, mpaka leo hatujui ni nani, maana ile friji inabebwa na wanaume watatu. Na dogo, jamani dogo, akili ikamtuma kuokoa nyumba, akazima jiko, akachomoa mtungi, akatoka nao mbio barabarani huku analia machozi, sasa watu wameshasikia gesi inavuja halafu wanaona kijana anawakimbilia na mtungi, mtaa mzima ukageuza, wauza nyanya waliacha meza, na yeye kila wakikimbia anazidi kuwafuata ati anaomba wamsaidie.

Jirani mmoja ni nesi, ndo alinishika kichwa nilipokuwa najimwagia maji ya ndoo usoni, akaniambia macho endelea kuyaosha kwa maji mengi, ila kwenye ngozi maji peke yake yanaitembeza tu pilipili, leteni maziwa. Basi mtindi wote wa duka la Mangi ukaisha siku ile, tumekaa uani tumepakwa nyuso kama tunaenda jando, wengine kwenye mkeka, wengine kwenye makochi yaliyotolewa nje, macho mekundu, makamasi, kila mmoja kashika kanga anajifuta, hakuna mwenye sauti. Mke wa mzee wa reli kakaa kwenye kiti pembeni ya redio, analia kuliko wote, huyo moshi ulimkuta anatafuta kandambili.

Ndo hapo kikoba kikaingia.

Jiwekeni kwenye nafasi yao. Unafungua geti, makochi nje, mkeka umetandikwa, wanawake wamejifunga kanga wanalia, wanaume wamesimama ukutani vichwa chini, na sufuria kubwa ya nyama iko kwenye mkaa. Mwenyekiti aliangusha pochi pale pale getini. "Jamani eeeeh! Jamani nani tena?!" Akaja akaniangukia shingoni, akalia kilio cha haki kabisa, nami nafungua mdomo nimwambie si msiba, inatoka kikohozi na machozi mapya, basi akazidi kunikumbatia, "Usiongee mwanangu, usiongee, lia." Huku nyuma nasikia mwingine anasema innalillahi, mwingine anaanza pambio. Bodaboda aliyewaleta akazima pikipiki, akavua kofia, akachomoa elfu mbili akaiweka kwenye sahani. Ile sahani nilikuwa nimeiandaa kwa ajili ya ndimu na majani ya giligilani. Baada ya hapo kila aliyeingia akaweka.

Mweka hazina sasa, yule dada ana roho ya chuma. Analia kweli, machozi yanadondoka kwenye daftari, ila kashafungua ukurasa wa mfuko wa jamii na kalamu iko mkononi, ananiinamia sikioni. "Pole sana mama. Ni wa damu au jirani?" Nikakohoa. "Nauliza kwa sababu kwenye katiba viwango havilingani."

Kwa kuwa sijibu, akaanza kufanya uchunguzi mwenyewe. Akatazama waliopo, akahesabu wapangaji anaowajua, macho yakafika kwenye ile redio iliyokaa kitini peke yake na mke wa mzee pembeni anatetemeka. Nikaona uso wake unavyobadilika. Akaenda akapiga magoti mbele ya yule bibi, akamshika mikono. "Mama, babu alikuwa mtu mwema sana." Bibi wa watu, koo limekauka, anaelewa anaulizwa kama mumewe ni mzima, akatikisa kichwa juu chini, ndiyo, ndiyo. Mweka hazina akarudi kwenye daftari akaandika jina la mzee na tarehe, akachora na msalaba mdogo.

Mzee alikuwa kwenye tenki nyuma ya nyumba ananawa. Akatokea kwenye kona taratibu, mweupe uso mzima kwa mtindi, shuka ya kitanda amejifunga begani maana shati lilijaa moshi, na sauti imebaki mkwaruzo tu, akanyoosha mkono kwa mweka hazina akasema, "Redio yangu..."

Mweka hazina hakupiga kelele. Alipita juu ya meza. Mwili ule, na meza ile, na gauni la kitenge la kubana, sijui alipitaje, tulimpata nyuma ya geti la jirani amekumbatia daftari la kikoba, kiatu kimoja.

Kicheko nacho ukiwa umekula moshi wa pilipili kinauma kuliko kilio, mtu asikudanganye.

Tulikuja kula kama saa kumi na mbili, nje, maana ndani hakuingiliki. Mchuzi wa mbuzi ulipona kwa kuwa ulikuwa uani, haukuonja pilipili hata moja, mama mwenye nyumba akautia nyanya ya kopo upate rangi, mi nikakaa kwenye mkaa nachovya chapati kwenye mafuta ya juu, natupa kikaangoni, chizi, nyama, nakunja. Chizi yenyewe kwa lile jua la alasiri ilikuwa imeshashikana bonge moja, nakata kwa kisu. Ila ikalainika, ikaanza kutoa mapovu pembezoni, pakawa na kale kaukoko ka kahawia kanakovunjika ukikagusa. Mwenyekiti aling'ata cha kwanza, akavuta, chizi ikafuata, akavuta, ikafuata, ikabidi asimame, mkono umefika juu ya kichwa na uzi bado haujakatika. "Hii ni chapati mchuzi imetiwa gundi," akasema, halafu akachukua nyingine mbili akaziweka kwenye leso. Fundi cherehani alikula nne. Dogo hakupewa mpaka mtungi uliporudi.

Kilichobaki ni ile sahani. Hela zilikuwepo za kutosha, waliochanga wengine walikuwa wapita njia wameshaondoka, bodaboda hajulikani kituo chake, na waliopo kila mmoja anakumbuka alitoa zaidi ya alichotoa. Mwenyekiti akasema ziingie mfuko wa jamii. Mi nikasema kuna chizi imenunuliwa hapa, na mtindi wa Mangi haujalipwa. Ndo mzee wa reli akanyanyuka, ameshapata sauti na ameshapata redio yake, akaomba aone daftari. Akalisoma, akaweka kidole kwenye jina lake, kwenye tarehe na kwenye kale kamsalaba. "Marehemu hapa ni nani?" Kimya. "Basi leteni hela."

Mweka hazina kamwambia rambirambi wanapewa wafiwa, sio maiti. Mzee anasema alete kifungu cha katiba kinachokataza. Wameshatafuta, hakipo, na mkewe naye sasa ameanza kusema mfiwa ni yeye.