Kompyuta Iliyofichika na Kompyuta Iliyofichwa

Kufichika si sawa na kufichwa. Kitu kilichofichika kimezama tu mahali pake. Kilichofichwa kina mkono wa mtu. Tofauti hiyo ya silabi moja hunijia kila ninaposikia utabiri kwamba siku zijazo hatutaziona kompyuta tena, kwamba zitakuwa ukutani, darini, katika nguo na ndani ya miili yetu, zikifanya kazi bila kuitwa. Wanaoushangilia utabiri huo huzungumzia kufichika. Wanaouogopa huzungumzia kufichwa. Ndiyo maana mabishano yao hayafiki popote.

Wazo lenyewe lina umri. Septemba 1991, Mark Weiser, mwanasayansi wa kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, aliandika katika jarida la Scientific American kwamba teknolojia zenye athari kubwa kuliko zote ni zile zinazotoweka, zikajifuma katika maisha ya kila siku hadi mtu asiweze kuzitenga nayo. Alitoa mfano wa maandishi. Ukipita penye kibao cha barabarani hujiambii kwamba sasa unasoma. Unajua njia, basi. Alitaja pia mota. Karakana za zamani zilikuwa na injini moja kubwa iliyozungusha mashine zote kwa mikanda. Mota zilipokuwa ndogo na za bei nafuu, kila mashine ikapata yake, kisha zaidi ya moja, na leo hakuna dereva anayehesabu mota zilizo ndani ya gari lake.

Weiser alifariki mwaka 1999, kabla ya simu za mkononi za leo, ambazo ni kinyume kabisa cha ndoto yake: zinalia, zinatetemeka, zinadai macho hata mtu akiwa mezani na wanawe. Lakini mahali pengine alipatia. Gari jipya lina makumi ya kompyuta ndogo. Lifti, mashine ya kufulia na kadi ya benki zina chipu zao, na hakuna anayeziita kompyuta.

Hoja ya wanaoshangilia ina uzito kuliko wapinzani wanavyokiri. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla kwenye utelezi, kompyuta inapima kasi ya kila gurudumu, na moja likitaka kuganda inailegeza breki yake na kuikaza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Hakuna mguu wa binadamu unaoweza kazi hiyo. Au chukua kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Cha kwanza kuwekwa ndani ya mwili wa mtu kiliwekwa nchini Sweden mwaka 1958. Vya siku hizi huusikiliza moyo na kuusukuma pale tu unapochelewa. Mwenye nacho hupanda ngazi, hulala, hugombana na jirani, wala hakikumbuki. Na kwa mtu asiyeona, au ambaye mikono yake haina nguvu, taa inayotii sauti ni uhuru wa kutomwita mtu kila jua likizama. Mtu akiniambia kwamba vitu hivi vyote ni mtego, namwona hajawahi kuvihitaji.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2015 ilibainika kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen, takriban milioni 11 duniani, yalikuwa na programu iliyotambua gari linapopimwa moshi. Wakati wa kipimo gari lilikuwa safi. Likirudi barabarani lilitoa sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa. Wenye magari hayo waliyaendesha kwa miaka bila kuhisi lolote. Kutoonekana kwa kompyuta hapo hakukuwa utulivu aliouota Weiser. Kulikuwa maficho.

Mfano wa Boeing 737 MAX unauma zaidi. Ndege hizo ziliwekewa programu ya kuinamisha pua ya ndege yenyewe, ikitegemea taarifa za kihisi kimoja tu kinachopima pembe ya ndege dhidi ya hewa inayokuja, na marubani hawakuwa wameelezwa kwamba ipo. Oktoba 2018 ndege moja ilianguka Indonesia, na Machi 2019 nyingine ikaanguka Ethiopia. Watu 346 walikufa. Marubani wa ndege ya kwanza walishindana na mkono ambao hawakujua kuwa upo.

Watetezi hujibu kwamba hata mota hatujui zinavyofanya kazi, na bado tunaziamini. Jibu hili lina kasoro. Mota haikujui. Haiweki kumbukumbu ya saa uliyorudi nyumbani wala haimpelekei aliyeitengeneza, na haibadilishwi tabia usiku kwa programu iliyotumwa kutoka mbali. Weiser mwenyewe aliliona hilo: katika makala hiyohiyo alionya kwamba kompyuta mamia katika kila chumba, zenye kuhisi watu na zilizounganishwa, zingeweza kuzaa udikteta ambao haujawahi kuonekana. Wanaomnukuu kwa furaha huiruka aya hiyo.

Halafu kuna uzembe wa kawaida. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta, yaani vifaa vya kusambaza intaneti nyumbani, kwa maelfu, kwa sababu nyingi zilikuwa bado na nywila za kiwandani. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikizielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti, na tovuti kubwa, Twitter ikiwemo, zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakugundua kitu. Ni vigumu kutengeneza usichokumbuka kuwa unacho. Uingereza imejaribu kuziba pengo hilo: tangu Aprili 2024 sheria yake inakataza nywila za kiwandani zilizo rahisi kubahatishwa, na inamtaka mtengenezaji aseme ataendelea kukilinda kifaa hadi lini.

Kwa hiyo sidhani tudai kompyuta zote zionekane. Hayo yangekuwa makelele. Ninachotaka ni kile ambacho breki zile tayari zinacho. Ukiwasha gari, taa ya breki hizo kwenye dashibodi huwaka kwa sekunde chache kisha huzimika, kukuambia nipo na ni mzima. Kompyuta hiyo ikiingia kazini, unaihisi ikitetemeka chini ya mguu. Ikiharibika, taa hubaki inawaka, na gari bado linasimama kwa breki ya kawaida. Imefichika, lakini haijafichwa.

Ugumu ambao sijautatua ni wa mgeni. Mwenye nyumba yenye vifaa vinavyosikiliza sauti alisoma masharti yake, au alibonyeza kwamba ameyasoma, na anajua kipaza sauti kiko wapi. Anayeingia kumjulia hali hakuulizwa chochote, na hakuna taa inayomwakia mlangoni.