Kunguru wa Mombasa wamepungua, au wamehama tu?

Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori nchini, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Kwetu Mombasa swali likaja lenyewe: tutajuaje kama wamepungua?

Kuwahesabu wote haiwezekani. Unachoweza ni kusimama jioni karibu na mti wanaolala, ukawangoja. Mwanzoni unahesabu mmoja mmoja. Mara wanaingia kwa makundi, wanatua, wanagombania matawi, wanaruka tena, nawe unaanza kukadiria kwa makumi. Adhana ya magharibi inalia na bado wanakuja.

Wapo wanaosema hesabu ya namna hiyo ni bure, na hoja yao ina uzito. Tuseme mwaka jana uliona 400, nusu ya waliokuwapo. Mwaka huu umeona 300, lakini hao ni theluthi tu. Daftari lasema wamepungua, kumbe wametoka 800 hadi 900. Na ndege huyu ni mjanja: akishaona wenzake wamekufa kwa chambo chenye sumu mahali, hapakaribii. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Jaa la Kibarani nalo lilifungwa, taka zikapelekwa Mwakirunge. Anayehesabu Kibarani peke yake ataandika ushindi usiokuwapo.

Wengine hujibu kwamba mwelekeo hauhitaji jumla. Anayepima kisima kwa kamba hajui lita ngapi zimo, ila anajua maji yanashuka. Rudi vituo vilevile, msimu uleule, saa ileile.

Mimi nawaunga mkono hawa, kwa sharti kwamba wanaotupita bila kuonwa nao wakadiriwe. Hapo viota vinafaa, maana haviruki. Watu wawili wapite mtaa mmoja bila kuambiana. Wa kwanza aone viota 60, wa pili 50, na 40 viwe vimeonwa na wote. Katika 50 vya mwenzake, wa kwanza amevipata 40, yaani asilimia 80. Basi 60 vyake ni asilimia 80 ya viota vyote, yaani vyote ni 75. Kwa pamoja wameona 70. Vitano vimewapita wote wawili. Hata hiyo 75 huenda ni ndogo, kwa sababu kiota kilichojificha ndani ya mwembe mnene huwapita wote.

Na jioni ambayo mvua imekuzuia kufika kituoni, acha nafasi wazi daftarini. Sifuri ni ya aliyefika, akasimama hadi giza, asione kunguru hata mmoja.