Kitambulisho Kikipotea, Nahojiwa Mimi

Ukitaka kujua serikali yetu ya Kenya ina udadisi, poteza kitambulisho. Nenda kituo cha polisi ukaombe abstrakti, ile karatasi ya kuonyesha umeripoti kupotelewa, utajuta kuzaliwa.

"Kilipotea wapi?" Afande, ningejua si ningeenda kukiokota? "Saa ngapi?" "Ulikuwa na nani?" "Ulikuwa umelewa?" Afande anakuangalia kama mtu aliyekitupa kusudi ili amharibie siku. Halafu kalamu yake inakataa kuandika, unatumwa dukani ununue nyingine, na ukishaandikiwa kalamu inabaki palepale mezani. Bado barua ya chifu.

Sina neno, sheria ni sheria. Kinachoniwasha ni kwamba serikali hiihii, Februari 1990, ilipotelewa na waziri mzima. Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13. Mchana wake kijana mchunga ng'ombe akauona mwili kilimani Got Alila, si mbali na boma. Polisi nao, na magari yao, na redio zao za upepo, wakatangaza kuupata tarehe 16. Hapo hakuna aliyetumwa kalamu.

Wakati huo mguu umevunjika, kuna risasi kichwani, na mwili umechomwa. Basi wakubwa wakaanza kunong'ona kwamba huenda amejiua. Jameni! Mimi si daktari, lakini nimejaribu kuipanga hiyo kazi kichwani na haipangiki. Avunje mguu kwanza, kilima atakipandaje? Ajipige risasi kwanza, kiberiti atakiwasha nani? Mimi kuchemsha chai na kufunga mlango kwa pamoja kunanishinda. Na kuna mtu, mwenye mshahara na pensheni, aliyetaka tuyameze hayo.

Rais Moi akaita Scotland Yard, polisi wa Uingereza. Akaja John Troon, mpelelezi kweli, akachimba, akasema huyu kauawa. Ikaundwa tume chini ya Jaji Evans Gicheru, tukakaa redioni kama watu wa mpira. Novemba 1991, Troon hata hajamaliza ushahidi, Rais akaivunja tume. Kwisha! Mimi kule kituoni sijawahi kupata bahati ya mahojiano kukatizwa. Ningeshukuru sana mtu akipiga simu kutoka juu: mwacheni huyo, akalale.

Aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Nakuru, Jonah Anguka, akashtakiwa kwa mauaji hayo. Kesi ya kwanza ikakatika kwa sababu jaji alifariki, ya pili ikamwachilia mwaka 1994. Basi si yeye. Nani, sasa? Bunge likaunda kamati yake mwaka 2003 chini ya Gor Sungu, ikasafiri, ikasikiliza, chai na mandazi zikanywewa kwa pesa zetu. Ripoti ikafika Bungeni 2010, waheshimiwa wakaikataa. Ukihesabu miaka tangu Koru, mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa ameshapoteza kitambulisho chake na kuhojiwa kikamilifu.

Wazee wa mtaani kwetu wanasema nisishangae, mambo haya yana mtindo wake. Machi 1975 J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, hakuonekana. Watu wakauliza, gazeti likaandika yuko Zambia. Kumbe alikuwa ameokotwa Ngong, ameuawa, amelazwa mochari ya Nairobi pasipo jina, hadi wake zake walipomtambua. Anayesema Zambia hakuwa na haya hata ya kuchagua nchi ya karibu.

Toka nisikie hilo, lugha yangu imeharibika. Fundi cherehani alichukua suruali yangu ya harusini tangu Pasaka. Kila nikienda, kijana wake ananiambia bosi amesafiri. Namuuliza: Zambia? Ananitazama, hajui nacheka nini, na mashine ya bosi wake nyuma ya pazia naisikia inalia, tktktktk.